Kijana Mzima Hakatai Chanjo Peke Yake



Katika mitaa ya Kolwezi, na katika vijiji vya wavuvi kando ya ziwa la Nzilo, liko neno moja tunalolisikia kila mara waganga wanapotangaza chanjo mpya. Wazee hawalisemi sana. Akina mama wenye watoto wachanga hawalisemi, maana wao wamekwisha zoea kuwapeleka watoto kupimwa na kuchanjwa. Neno hilo ni la vijana. Wasema: "Chanjo ni ya watoto, na ya wazee, na ya wagonjwa. Mimi ni mzima. Nabeba gunia la mawe kutoka shimoni, nala bukari yangu, nalala usingizi mzuri. Sindano ya nini?"

Sisi makatekista twalijua neno hili vizuri, kwa kuwa wengi wetu hatujawa wazee, na sisi wenyewe tumelisema. Leo twataka kulijibu waziwazi. Neno hilo lina makosa matatu. Kosa la kwanza: ladhani kwamba ugonjwa huheshimu nguvu za kijana. Kosa la pili: lasahau kwamba nguvu hizo hizo ndizo zinazouchukua ugonjwa kutoka mji hata mji. Kosa la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote: ladhani kwamba kijana akikataa, amekataa kwa ajili yake mwenyewe tu. Sivyo. Kijana akikataa, nyumba nzima hukataa pamoja naye.

Homa iliyowachagua wenye nguvu

Tuanze na habari ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1918, vita vikuu vya Ulaya vilipokuwa vikielekea mwisho, homa kali ya mafua ilizunguka dunia yote. Watu waliiita homa ya Kihispania, ingawa haikuanzia Hispania. Ilishuka melini huko Cape Town mwezi wa Septemba, ikapanda gari la moshi, ikapita Rhodesia, ikaingia Katanga kwa reli ile ile iliyokuwa ikichukua shaba yetu kwenda baharini. Wakati ule mji wa Kolwezi ulikuwa haujajengwa. Ulianza mwaka 1937. Lakini Elisabethville, mji ambao leo twauita Lubumbashi, ulikuwa na makambi ya wafanyakazi, watu wengi wakilala chumba kimoja. Homa ilipofika katika makambi ya namna hiyo haikuhitaji kubisha hodi. Wataalamu wakadiria kwamba duniani kote walikufa watu wapata milioni 50.

Na nani waliokufa? Hapa ndipo kijana wetu afungue masikio. Mafua ya kila mwaka huwachukua hasa watoto wachanga na wazee. Homa ya 1918 iliwachukua hao pia, lakini tena iliwachukua kwa wingi wa ajabu watu wenye miaka 20 mpaka 40: wachimbaji, askari, mama wenye mimba, baba wenye watoto wadogo. Ndio wale wale ambao wangalisema, "Mimi ni mzima." Wala hapakuwa na chanjo ya kuwasaidia, kwa kuwa kirusi cha mafua ya binadamu hakikugunduliwa mpaka mwaka 1933.

Wako watakaosema: "Hayo ni ya zamani." Basi tutazame ya juzi. Mwezi wa Aprili 2009 mafua mengine mapya yalitokea Meksiko na Marekani, yakaitwa mafua ya nguruwe. Tarehe 11 Juni mwaka ule Shirika la Afya Duniani, ambalo kwetu twaliita OMS, lilitangaza kwamba ugonjwa umeenea ulimwenguni. Kabla mwezi ule haujaisha ulikuwa umekwisha fika Kisumu, nchini Kenya. Je, uliletwa na mzee mwenye kutembelea fimbo? Hapana. Uliletwa na kijana mwanafunzi kutoka Uingereza, aliyesafiri pamoja na wenzake vijana.

Waliokufa na kuthibitishwa na maabara walikuwa wapata 18,500 duniani kote. Baadaye wataalamu walifanya hesabu upya, kwa kuwa katika nchi nyingi wagonjwa hawakupimwa, wakakadiria kwamba katika mwaka wa kwanza walikufa watu kati ya 151,700 na 575,400. Tena katika kila watu 10 waliokufa, 8 walikuwa hawajafika miaka 65. Sababu moja ni hii: wazee wengi walikuwa wamekutana zamani na virusi vya ukoo huo, miili yao ikavikumbuka. Vijana hawakuwa na kumbukumbu hiyo. Mwili wa kijana ulikuwa na nguvu, naam, lakini ulikuwa kama askari shujaa asiyemjua adui kwa sura.

Na chanjo ni nini, kama si kuwaonyesha askari hao sura ya adui kabla hajafika mlangoni? Chanjo haimpi mgonjwa nguvu. Dawa ya kumtibu mgonjwa ni kitu kingine. Chanjo humfundisha aliye mzima. Basi mwenye kusema, "Sitaki chanjo kwa sababu ni mzima," amegeuza mambo juu chini. Mwanafunzi hufundishwa kabla ya mtihani, si baada yake.

Twaongeza neno la haki. Ni kweli kwamba katika mafua yale ya 2009, vijana wengi sana waliougua walipona bila taabu. Hatutaki kumtisha mtu kwa uongo, maana kweli ya Mungu haihitaji kusaidiwa na uongo wa katekista. Twasema tu kwamba "mimi ni mzima" si ngao. Mara nyingine yatosha. Mara nyingine haitoshi. Na kijana hawezi kujua, akitazama misuli ya mikono yake, ni mara ipi.

Miguu ya kijana

Sasa tuje kwenye kosa la pili. Tazameni jinsi tunavyoishi katika nchi hii ya shaba. Malori hutoka Kolwezi, yapita Likasi na Lubumbashi, yafika Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, na huko madereva hungoja siku nyingi, wakila na kulala pamoja na watu wa nchi kumi. Wachimbaji wa mikono hutoka Kasai na Kivu na Haut-Lomami kutafuta kobalti. Samaki wa Nzilo huchukuliwa mpaka soko la Kolwezi, na makala huletwa kwa baiskeli. Nani huendesha malori hayo? Nani hushuka mashimoni? Nani husukuma baiskeli? Ni vijana. Bibi kizee hauchukui ugonjwa kutoka Kasumbalesa. Humngojea nyumbani.

Tena twawapa mfano wa karibu zaidi, wa mji wa wachimbaji kama sisi. Ugonjwa wa mpox, uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, wajulikana kwa binadamu tangu mwaka 1970, ulipoonekana kwa mtoto mmoja huko Basankusu, katika Equateur ya nchi yetu. Kwa miaka mingi ulikaa zaidi katika vijiji vya misituni. Lakini mwezi wa Septemba 2023 tawi jipya la ugonjwa huo lilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimbaji dhahabu katika Kivu ya Kusini. Huko uliambukizana hasa kati ya vijana wazima wenye nguvu, kwa kugusana kwa karibu na kwa mambo ya zinaa, katika mabaa na nyumba za kulala. Kutoka Kamituga ukafuata barabara. Kufika Agosti 2024 ulikuwa umeingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hali ya hatari kwa dunia nzima, na hali hiyo haikuondolewa mpaka tarehe 5 Septemba 2025.

Na nani waliokufa kwa ugonjwa huo? Katika Kongo, wengi kati ya waliokufa kwa mpox walikuwa watoto. Vijana waliougua, kwa sehemu kubwa, walipona na kubaki na makovu.  Kila mmoja wetu afikiri jambo hili kwa utulivu, hasa sisi tukaao katika mji wa migodi.

Hapa yafaa tuwaulize wazee wetu swali dogo. Mwambie babu yako akunje mkono wa shati. Wazee wengi wana alama ndogo ya mviringo karibu na bega. Ni alama ya chanjo ya ndui. Walipoipata wengi wao walikuwa watoto au vijana wazima, wenye nguvu kama wewe. Walipanga mstari, wakatoa mkono. Kwa ajili ya mikono hiyo, ndui ilikoma katika Kongo mwaka 1971, na mwaka 1980 dunia yote ikatangaziwa kwamba imekwisha. Chanjo ile ilikuwa ikilinda na mpox pia, kwa sehemu kubwa, kwa kuwa magonjwa hayo mawili ni ndugu. Ilipoachwa, vizazi vilivyofuata vilibaki bila kinga hiyo. Basi sisi vijana tusiokuwa na alama begani ndio tuliokuwa mlango wazi. Wazee walitupa nchi isiyo na ndui. Sisi tutawapa wajukuu wetu nini?

Bibi aliyemsikiliza mjukuu wake

Sasa tunafika kwenye kosa la tatu, na hapa hatuna budi kuungama.

Mtakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda wakati wa korona. Tarehe 2 Machi 2021 dozi milioni 1.7 za chanjo zilifika Kinshasa. Chanjo ikaahirishwa, kwa sababu nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimesimamisha chanjo ya namna hiyo ili kuichunguza. Ikaanza tarehe 19 Aprili. Lakini watu walikuwa wamekwisha ingiwa na hofu. Wachache sana walikwenda. Siku za dawa zilikuwa zakaribia kwisha, hata ikabidi dozi zipata milioni 1.3 ziondolewe na kupelekwa nchi nyingine za Afrika, kama Ghana na Madagascar. Nchi iliyokuwa maskini wa dawa ilirudisha dawa. Wakati huo mapadri na makatekista wengi walifanya nini? Wengi wetu tulinyamaza.

Katika shirika moja la Kikristu la hapa kwetu alikuwako bibi mmoja, mwimbaji wa zamani wa kwaya, mtu wa sala. Chanjo ilipofika kwetu alitaka kwenda. Mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 24, mchimbaji, ndiye aliyekuwa na simu kubwa katika nyumba ile. Aliona humo maneno mengi ya kutisha, naye akacheka, akasema: "Nkambo, usiende. Sisi wenyewe hatuendi. Wewe unakwenda kutafuta nini?" Bibi akaja kwetu baada ya Misa akauliza: "Mwanangu katekista, niende au nisiende?" Nasi tukamjibu: "Mama, mambo hayo ni ya waganga. Sisi ni watu wa dini." Tulidhani tumejibu kwa busara. Kumbe tulimwacha peke yake na kicheko cha mjukuu wake.

Karibu na Noeli ya mwaka 2021 kijana yule alikohoa siku tatu, akapona, akarudi shimoni. Kisha bibi akaanza kukohoa. Hospitalini walimpima, wakaona ni korona. Siku ya tisa tulimzika, nasi ndio tuliosoma sala kaburini.

Hatumhukumu kijana yule. Alimpenda bibi yake. Alilia kuliko wote. Wala hatusemi kwa kiapo kwamba sindano ingalimwokoa. Chanjo za korona hazikuzuia kila maambukizo, hilo lajulikana. Lakini jambo moja lajulikana vile vile: ziliwapunguzia sana wazee hatari ya kufa. Bibi yule alikuwa na mlango wa kutokea, na mlango huo ulifungwa na watu wawili: mmoja aliyecheka, na mmoja aliyenyamaza. Aliyenyamaza ni sisi.

Ndiyo sababu twasema kijana mzima hakatai peke yake. Katika nyumba zetu leo, mwenye simu ndiye mwenye habari. Mwenye mshahara ndiye mwenye neno. Baba mzee huuliza, "Watoto wasemaje?" Kijana akisema, "Chanjo ni upuuzi," hakusema habari ya mkono wake tu, amehubiri. Na mahubiri yake husikilizwa kuliko yetu ya Dominika.

Majibu kwa wenye hoja

Twajua hoja zinazosemwa, nasi tutazijibu moja moja bila kumtukana mtu.

Wako wasemao: "Ni dawa ya Wazungu na ya makampani. Hawatupendi; wapenda shaba yetu." Ndugu, katika hoja hii iko kweli moja, na hatutaificha. Katika nchi hii mtu mweusi alihesabiwa miaka mingi kama chombo cha kazi. Hata mwaka 2020, wakati wa korona, iko migodi iliyowafungia wafanyakazi ndani kwa majuma mengi ili kazi isisimame, mbali na wake zao na watoto wao. Basi kutoamini kwenu hakukutoka hewani. Lakini fikirini. Kampani ya zamani ilipochanja watu wake ndui, ilitaka faida, ndiyo. Ila mkono uliopona ulikuwa wa babu yako, wala si wa kampani. Kampani imeondoka, wajukuu wa babu yako wako. Kitu chema hakigeuki kuwa kibaya kwa sababu mtoaji ana tamaa. Yatupasa kudai haki ya mfanyakazi kwa mkono mmoja, na kutoa mkono wa pili kwa sindano.

Wako wasemao: "Chanjo yaondoa uzazi." Neno hili limesemwa juu ya karibu kila chanjo iliyoletwa Afrika. Nasi twajibu kwa jambo ambalo kila mtu aweza kuliona bila kusoma kitabu: tazameni wazee wenye alama ya ndui begani, mhesabu watoto wao. Tazameni akina mama waliochanjwa pepopunda wakiwa na mimba, mhesabu watoto wanaocheza uani.

Wako wasemao, tena hawa ni watu wa akili: "Chanjo nyingine zimedhuru watu kweli, na hasa vijana." Hawa hatuwaiti waongo, kwa kuwa wasema kweli. Mwaka 1976 mafua ya nguruwe yalitokea katika kambi ya askari ya Fort Dix, Marekani. Askari kijana wa miaka 19 akafa. Serikali ya huko ikaogopa kwamba mwaka 1918 umerudi, ikachanja watu zaidi ya milioni 40. Lakini ugonjwa haukuenea nje ya kambi ile, na kati ya waliochanjwa, wapata mtu mmoja katika kila 100,000 alipatwa na udhaifu wa mishipa ya fahamu kwa ajili ya chanjo. Mwezi wa Desemba 1976 kazi ile ikasimamishwa. Tena, katika mafua ya 2009, chanjo moja iliyotumiwa Ulaya iliwaletea watoto na vijana wachache wa Finland na Sweden ugonjwa wa kusinziasinzia mchana. Na mwaka 2021 ilionekana kwamba chanjo moja ya korona, kwa nadra sana, yaweza kugandisha damu, hasa kwa vijana. Uingereza iliamua mwezi wa Aprili kwamba walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine, na mwezi wa Mei ikaongeza mpaka walio chini ya miaka 40.

Sasa tazameni vizuri mambo hayo yatufundisha nini. Nani aliyegundua madhara hayo? Ni waganga wenyewe, kwa kuhesabu watu mmoja mmoja. Nani aliyesimamisha chanjo ya 1976? Ni serikali ile ile iliyoianzisha. Mfanyabiashara wa dawa za uongo sokoni hahesabu waliokufa. Anayehesabu na kutangaza hesabu ni mtu wa kuulizwa, si mtu wa kukimbiwa. Na tena, habari hizi hazisemi, "Kijana mzima asichanjwe kamwe." Zasema, "Kwa kila ugonjwa na kila chanjo, pima hatari mbili, kisha chagua iliyo ndogo." Mwenye kukataa zote hajapima. Na mwenye kuingia katika mstari bila kuuliza neno, naye hajapima.

Mwishoni wako wasemao: "Mungu atanilinda." Hawa ni ndugu zetu katika imani, nasi twawajibu kwa imani. Shetani alimpandisha Bwana wetu Yezu Kristu juu ya mnara wa hekalu, akamwambia ajitupe chini, kwa kuwa malaika watamdaka. Yezu alikataa, maana huko si kumtumaini Mungu, ni kumjaribu. Mwenye busara hushuka kwa ngazi kama watu wote. Chanjo ni ngazi. Katika Maandiko, Yoshua bin Sira atufundisha kumheshimu mganga, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemwumba yeye na dawa zake pia. Mkulima asemaye, "Mungu atanipa mahindi," bila kushika jembe, twamwita mvivu, hatumwiti mtakatifu.

Kanisa nalo limesema neno lake. Tarehe 21 Desemba 2020 idara ya Roma yenye kulinda mafundisho ya imani ilieleza kwamba Mkristu aweza kuzipokea chanjo za korona kwa dhamiri safi. Ilieleza tena kwamba kwa kawaida kuchanjwa kuwe kwa hiari. Lakini mwenye kukataa kwa ajili ya dhamiri yampasa kujitahidi kwa njia nyingine asiwe chombo cha kuwaambukiza walio dhaifu. Mwezi wa Januari 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alichanjwa, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule akawafundisha watu kwamba kuchanjwa ni tendo la upendo. Baba huyo ametuacha mwaka 2025. Mafundisho yake hayakuzikwa pamoja naye.

Basi kijana afanye nini?

Hatumwambii kijana akimbilie kila sindano. Mwezi wa Machi 2023 OMS yenyewe ilieleza kwamba vijana wazima si wa kwanza tena kwa chanjo ya korona. Wa kwanza ni wazee, wagonjwa, wanawake wenye mimba na wauguzi. Basi dozi zikiwa chache, kijana asimpite mama mzee katika mstari. Kumpisha mwenye haja kubwa nako ni upendo. Lakini siku ile ugonjwa mpya utakapowachagua vijana, kama mwaka 1918 na 2009, au utakapotembea kwa miguu yao, kama ule wa Kamituga, na waganga wakasema, "Sasa twawaita ninyi," basi kijana Mkristu asitafute mahali pa kujificha nyuma ya misuli yake.

Kwanza, aulize. Amwendee muuguzi wa kituo cha afya, amwulize bila haya: Ugonjwa huu wawakamata nani? Chanjo hii yaleta madhara gani, tena mara ngapi? Je, nina jambo mwilini linalonizuia? Muuguzi asiyetaka kuulizwa afanya vibaya, naye akumbushwe kwamba mkono wa mtu si mali ya serikali.

Pili, asipeleke mbele neno la simu asilolijua asili yake. Uongo unaoua ni dhambi, hata kama ulitumwa kwa kidole kimoja na kwa kucheka.

Tatu, akikubali, aende mchana, mbele ya watu, pamoja na baba yake na nkambo yake. Mkono wa kijana ukitolewa wa kwanza, mikono ya wazee hufuata bila hofu.

Na sisi makatekista? Tusijibu tena kwamba hayo si ya dini. Msamaria mwema hakumwambia yule aliyejeruhiwa, "Mimi ni mtu wa sala." Alimwaga mafuta na divai katika vidonda, akatoa fedha. Mtu akituuliza baada ya Misa, tumshike mkono twende naye mpaka kwa muuguzi. Na tukiwa tumeitwa, tukunje mkono wa shati letu kwanza.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Elisabethville ya 1918 ilinyolewa. Kamituga imenyolewa. Sisi wa Kolwezi na wa Nzilo tuko njiani pale pale malori yapitapo. Kaini aliulizwa habari za ndugu yake, akajibu kana kwamba hayamhusu. Nasi siku moja tutaulizwa, na jibu la "mimi nilikuwa mzima" halitatosha.

Mungu awabariki ninyi nyote, awape wazee wenu maisha marefu, naye awape vijana nguvu pamoja na akili ya kuzitumia.